MOTOKAA YAKO: Honi Iliyonyamaza, na Njia ya Kuufuata Umeme Wake



Juma hili tutazungumza juu ya honi, pamoja na swichi na nyaya zilizomo ndani ya usukani, kwa kuwa ni jambo linalowasumbua sana wenye motokaa za zamani katika mitaa yetu ya Mashariki ya Nairobi. Wengi hutoa fedha nyingi kwa ugonjwa ambao dawa yake ni kipande cha msasa na nusu saa ya subira. Wengine huona taabu kulitafuta kosa, wakaendesha bila honi majuma na miezi, mpaka wakasahau kabisa kwamba haipo. Humkumbusha mtoto anayetokea ghafula nyuma ya gari lililosimama.

Tazama jinsi mitaa yetu ilivyo. Kaloleni, Ziwani na Bahati ilijengwa kabla ya uhuru wa mwaka 1963, wakati wafanyakazi wengi waliokaa humo walikwenda kazini kwa miguu, au kwa baiskeli, au kwa basi. Njia za ndani ni nyembamba, na leo magari husimama pande zote mbili, watoto hucheza mpira katikati, mama mboga ameweka meza yake pembeni, na pikipiki za abiria hupita kwa kasi kila mahali. Mtu anayetoka Jogoo Road au Rabai Road jioni kuingia mtaani kwake aweza kukutana na haya yote katika hatua mia. Tena katika nchi yetu waendao kwa miguu ndio wanaouawa barabarani kwa wingi kuliko watu wengine. Kwa hiyo honi si pambo.

Kadhalika sheria yaitaka. Sheria ya Barabara ya Kenya, yaani Sura ya 403, pamoja na kanuni zake, yataka kila motokaa iwe na chombo cha kuonya kwa sauti. Wenye magari ya abiria na ya mizigo, wanaopeleka magari yao kila mwaka kukaguliwa na wakaguzi wa NTSA kule Likoni Road, wajua kwamba gari lisilolia laweza kurudishwa nyumbani, hata injini yake ikiwa nzuri namna gani.

Basi honi ikinyamaza, watu wengi hufanya nini? Humwendea fundi wa kando ya njia, naye, kwa kutaka kumaliza upesi, huchukua swichi ndogo ya kengele ya mlango, akaifunga chini ya dashibodi kwa parafujo mbili, akavuta waya mpya mpaka kwenye honi. Honi yalia, mwenye gari afurahi, fundi alipwa. Lakini nakuuliza, ndugu msomaji: mtoto akikimbia mbele yako, mkono wako utakwenda wapi? Utakwenda katikati ya usukani, mahali ulipozoea tangu ulipojifunza kuendesha. Mpaka ukumbuke ile swichi iliyo karibu na goti, gari limekwisha kwenda hatua kumi. Swichi ya namna hiyo yaweza kukufikisha nyumbani siku moja au mbili, lakini haifai kuitwa matengenezo.

Matengenezo ya kweli ni kuurudisha umeme katika njia yake ya asili. Na ili kuurudisha, yakupasa kwanza kuijua njia hiyo.

NJIA YA UMEME

Umeme ni kama maji ya mfereji wa shamba: hutoka kwenye chemchemi, hupita katika mfereji, hufanya kazi, kisha ni lazima upate njia ya kurudi. Chemchemi ni betri. Njia ya kurudi, katika motokaa, ni mwili wa chuma wa gari lenyewe, ambao mafundi huuita erthi. Njia ikikatika mahali popote, wakati wa kwenda au wakati wa kurudi, kazi husimama.

Katika magari mengi ya zamani, kwa mfano Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, huingia katika honi, na kutoka katika honi huja mpaka kwenye usukani. Hapo hungoja. Ukibonyeza kibonyezo, unaufungulia mlango wa kurudi kwenye mwili wa gari, na honi hulia. Katika magari mengine umeme hufika kwenye kibonyezo kwanza, kisha huenda kwenye honi, nayo honi imeshikamana na mwili wa gari kwa mguu wake wa chuma.

Katika magari ya baadaye, kama Toyota nyingi tunazoziona mitaani, kuna kitu cha tatu kiitwacho rilei. Hii ni swichi inayosukumwa na sumaku. Honi moja yaweza kula umeme wa ampea 4 au 5, na huo ni mwingi kwa kibonyezo chembamba. Basi kibonyezo huiamsha rilei tu kwa umeme kidogo, nayo rilei hupeleka umeme mwingi kwenye honi.

Sasa lipo fumbo moja. Usukani huzunguka, lakini nyaya hazizunguki. Umeme huvukaje? Nyuma ya usukani imewekwa pete ya shaba, na juu yake husugua kijiti kidogo cha shaba au cha kaboni kinachosukumwa na springi. Usukani ukizunguka, pete huzunguka pamoja nao, na kijiti hukaa mahali pake kikiigusa daima. Hapo ndipo palipo na ugonjwa wa magari mengi ya umri mkubwa. Grisi ya zamani huchanganyika na vumbi la Nairobi ikawa kama lami nyeusi, au springi huchoka, au kijiti huisha.

VYOMBO VINAVYOTAKIWA

Huhitaji vyombo vya bei kubwa. Tafuta bisibisi, spana chache, msasa laini, kitambaa safi, na taa ya kupimia, yaani balbu ya gari iliyofungwa nyaya mbili zenye vishikio. Ongeza kipande cha waya cha hatua mbili chenye fyuzi katikati, ili ukikosea fyuzi iungue badala ya gari. Usitumie petroli kusafishia nyaya, kwa kuwa cheche moja yatosha kuleta msiba.

Kabla ya yote, ijue motokaa yako. Volkswagen nyingi za kabla ya mwaka 1967 zina umeme wa volti 6, si 12. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na ya mwanzo wa miaka ya 1960 yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye mwili, kinyume cha desturi ya leo. Jihadhari pia na rangi. Katika magari ya Uingereza ya wakati ule, waya wa kahawia ndio utokao moja kwa moja kwenye betri, na mweusi ndio wa erthi. Katika magari ya Ujerumani, waya wa kahawia ndio wa erthi. Fundi aliyezoea Land Rover akishika Volkswagen bila kufikiri, au kinyume chake, aweza kuunguza nyaya zote kwa dakika moja.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, isikilize honi kabla ya kufungua kitu chochote. Je, imekufa kabisa? Basi kosa laweza kuwa popote. Je, hulia usukani ukiwa umenyooka, na kunyamaza ukikata kona? Basi kosa li karibu sana na pete na kijiti, au waya ulio ndani ya nguzo ya usukani. Je, hulia kwa sauti ya kikohozi? Basi tazama betri, erthi, na honi yenyewe. Je, taa za kuonyesha kona zimekufa siku ile ile? Basi usianze na kibonyezo; tafuta fyuzi au kiungo cha nyaya kilicho chini ya usukani ambacho hutumiwa na vyote viwili.

Pili, tazama fyuzi. Itoe, uitazame, usugue mahali pake kwa msasa, kisha uirudishe na kuizungusha kidogo. Mara nyingi fyuzi yenyewe ni nzima, ila vishikio vyake vimeota kutu. Ikiwa imeungua, weka nyingine yenye nguvu ile ile. Usitie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, wala msumari, wala waya mnene. Fyuzi ikiungua mara ya pili, inakuambia kwamba kuna waya uliochubuka na kugusa mwili wa gari. Anayeinyamazisha kwa msumari huligeuza gari lake kuwa jiko.

Tatu, ifikie honi yenyewe, mbele chini ya boneti. Geuza ufunguo, kisha gusa kichwa cha waya kwenye honi kwa taa ya kupimia, waya wa pili wa taa ukiwa kwenye chuma kitupu cha mwili. Taa ikiwaka bila mtu kubonyeza, gari lako ni la ile namna ya kwanza, na umeme umefika. Ikiwa haiwaki, mwambie mtu abonyeze usukani. Ikiwaka wakati huo tu, gari lako ni la namna ya pili au la rilei, na umeme umefika vile vile. Ikiwa haiwaki kabisa, na fyuzi ni nzima, kosa liko nyuma, kati ya honi na betri au usukani.

Nne, gawa njia vipande viwili. Hii ndiyo hatua ya maana kuliko zote, nayo huokoa fedha. Kwa gari la namna ya kwanza, chukua waya wako wenye fyuzi, uunganishe kichwa cha honi kile kirudicho usukanini na chuma kitupu cha mwili. Honi ikilia, umekwisha kujua kwamba betri, fyuzi, na honi vyote ni vizima, na kwamba ugonjwa u upande wa usukani. Hakuna haja ya kununua honi mpya. Isipolia, ugonjwa ni wa honi.

Kwa gari lenye rilei, mwambie mtu abonyeze, nawe uitegee sikio. Ikitoa sauti ndogo ya "tik" na honi hailii, kibonyezo na usukani ni vizima. Tazama umeme unaoingia na kutoka kwenye rilei. Isipotoa sauti yoyote, tafuta waya wake uendao usukanini, uuguse kwa taa ya kupimia iliyofungwa kwenye mwili wa gari. Rilei ikiamka, kosa liko usukanini.

Tano, ikiwa honi ndiyo mgonjwa, usiitupe upesi. Fungua nati ya mguu wake, sugua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, uifunge tena. Honi nyingi za zamani zina parafujo ndogo nyuma. Igeuze robo tu, ujaribu, kisha robo nyingine. Tena mdomo wa honi utazame chini, ili maji ya mvua na ya dobi wa magari yasikae ndani.

Sita, kama kosa ni la usukani, ondoa kwanza waya wa betri ulio kwenye erthi. Kisha fungua kifuniko cha katikati ya usukani polepole, ukipanga kila springi na kila kipande juu ya gazeti kwa taratibu ya kutoka kwake. Sugua migusano ya kibonyezo. Ukiona ni lazima kuutoa usukani, weka alama kwenye nguzo na kwenye usukani, ili urudi pale pale. La sivyo utaendesha usukani ukiwa umepinda, na swichi ya taa za kona haitajirudisha baada ya kona. Ipanguse pete ya shaba mpaka rangi yake ionekane, tazama kama kijiti chasukumwa vizuri na springi, na kama kimekwisha, nunua kingine. Nati ya usukani ikazwe sawasawa wakati wa kurudisha, kwa kuwa usukani unaotoka mkononi ni hatari kuliko honi iliyonyamaza.

Saba, usisahau kiungo cha mpira. Katika Volkswagen na magari mengine, nguzo ya usukani imeunganishwa chini kwa kiungo cha mpira ili kupunguza mtikiso. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo watengenezaji waliweka waya mfupi wa kuuruka mpira huo. Waya huu hujipinda kila usukani unapokatwa, na baada ya miaka mingi hukatika.

MFANO MMOJA

Mwenye Volkswagen mmoja wa Jericho aliambiwa na fundi wake: "Mzee, honi hii imekufa. Lete nyingine, nami nitakutilia swichi nzuri hapa chini." Yule mzee alikuwa mtu mpole, akajibu: "Haya, fundi wangu, lakini kabla sijaingia mjini kununua, tuiguse kwanza na erthi tusikie." Wakaigusa kwa kipande cha waya. Honi ikapiga kelele hata watoto wakaja kutazama. Fundi akacheka, akalala chini ya gari, akautazama ule waya mfupi wa kiungo cha mpira, akaukuta umekatika. Akaweka mwingine. Fundi hakuwa mwizi. Alikuwa hajaigawa njia vipande viwili, basi akakisia. Na kukisia kwa fundi hulipwa na mwenye gari.

HONI INAYOLIA YENYEWE

Kuna ugonjwa wa kinyume, nao huja usiku wa manane, wakati mtaa mzima umelala: honi hulia bila kuguswa. Usiupige usukani kwa ngumi. Toa fyuzi ya honi, au uchomoe waya kwenye honi yenyewe, watu walale. Asubuhi tafuta waya ulipochubuka, hasa pale unapotoka kwenye nguzo ya usukani. Ikiwa honi hulia hata baada ya kuondoa waya wa kibonyezo kwenye rilei, rilei imeshikamana, na ibadilishwe.

ONYO KWA WENYE MAGARI YENYE MFUKO WA HEWA

Haya yote niliyoyaeleza ni ya magari ya zamani. Magari ya miaka ya karibuni yana mfuko wa hewa ndani ya usukani, ambao hupasuka kwa nguvu kama baruti ili kumkinga dereva. Humo hakuna pete na kijiti, bali utepe mrefu wa nyaya uliozungushwa kama kamani ya saa. Utepe huo ukikatika, honi hunyamaza na taa ya onyo la mfuko huwaka. Usiyapime mambo hayo kwa taa ya kupimia. Ondoa betri, ungoje muda ulioandikwa na watengenezaji (Toyota husema sekunde 90 kwa uchache), na umpelekee fundi aliyefundishwa kazi hiyo.

MWISHO

Basi, ndugu zangu, mambo ya kukumbuka ni matatu. Jua njia ya umeme kabla ya kununua kitu. Igawe njia hiyo vipande viwili, ujue ugonjwa uko upande upi. Na kibonyezo kirudi katikati ya usukani, mahali mkono unapokijua hata gizani. Honi ikiisha kutengenezwa, itumie kwa adabu: honi si breki, wala si matusi, wala si njia ya kumwita rafiki aliye ghorofani. Dereva mwema huipiga mara chache, lakini siku ile moja inapotakiwa, ni lazima ilie. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa honi ni mdogo sana kuuziba.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya taa za mbele zinazofifia.